Magazeti ya vita ya Marekani 1861–1865: matangazo ya kurasa za nyuma yanaonyesha nani alipatanishwa na nani

Msomaji wa Kale (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi aurudie baadaye.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kila ikisimuliwa, mwisho wake hutolewa kama mfano kwa dunia. Jenerali Lee wa Kusini, upande uliotaka kujitenga, alisalimu amri mbele ya Jenerali Grant wa Kaskazini pale Appomattox tarehe 9 Aprili 1865, askari wa Kusini wenye farasi wao wakaruhusiwa kurudi nao makwao kulima, na nchi iliyozika watu zaidi ya 600,000 ikawa moja tena. Haya yote yalitokea kweli. Lakini nimekuwa nikisoma magazeti ya miaka ile, na kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba upatanisho ule ulifanywa baina ya Wazungu waliopigana wao kwa wao. Watu karibu milioni nne waliokuwa watumwa vita ilipoanza hawakuitwa mezani. Ushahidi wa hili usiutafute kwenye tahariri. Utafute kwenye matangazo madogo.

Tahariri ndipo wengi wanapokwama. Mtu anafungua gazeti la zamani, anakuta mhariri ameandika kwamba wananchi wana ari kubwa, naye anaandika kwenye daftari lake: wananchi walikuwa na ari kubwa. Mwangalieni Horace Greeley, mwenye New York Tribune, gazeti ambalo toleo lake la kila wiki lilifika hadi kwa wakulima wa ndani kabisa. Mwishoni mwa Juni 1861 lilianza kupiga kelele siku baada ya siku: "Mbele hadi Richmond!" Lilitaka mji mkuu wa Kusini utekwe kabla bunge la waasi halijakutana Julai. Jeshi likaenda, na tarehe 21 Julai likapigwa vibaya pale Bull Run likarudi Washington mbio. Siku nane baadaye Greeley huyohuyo alikesha akimwandikia Lincoln, rais wa Kaskazini, barua ya siri, akimwambia kwamba ikiwa ni heri kwa taifa kufanya amani na waasi mara moja, hata kwa masharti yao, basi asiogope kufanya hivyo. Umbali wa barua ile na vichwa vya habari vya gazeti lake ni mwezi mmoja tu, na ni mtu yuleyule! Ukisoma gazeti peke yake utasema Kaskazini yote ilikuwa inawaka moto.

Halafu kuna kimya. Tarehe 2 Aprili 1863 wanawake wa Richmond, waliochoshwa na bei ya unga, waliingia mitaani wakavunja maduka. Rais wa Kusini, Jefferson Davis, mwenyewe alitoka akawahutubia na kuwatishia kuwapiga risasi wasipotawanyika. Serikali ikayaomba magazeti yasiandike lolote. Siku mbili baadaye Richmond Examiner likavunja kimya, kwa matusi: likawaita wanawake wale malaya, wezi wazoefu na vikongwe kutoka Ayalandi na Kaskazini. Mimi naona tusi lile linaeleza hali ya mji kuliko taarifa yoyote ya ushindi. Walikuwa wake na mama za watu wa mji uleule, na kukiri hilo kungekuwa kukiri kwamba vita inakula nyumba za wenyewe. Hasira ya mhariri ni kipimo cha hofu yake.

Ikabidi hata karatasi yenyewe iseme. Kusini ilikuwa na viwanda vichache vya karatasi, na pwani yake ilikuwa imefungwa na manowari za Kaskazini. Magazeti yakapungua kurasa, yakachapwa kwenye karatasi ya kahawia ya kufungia bidhaa, mengine yakafa. Memphis Daily Appeal lilipakia mitambo yake kwenye treni Juni 1862 adui alipokaribia, likawa linachapwa Grenada, kisha Jackson, Meridian, Atlanta, Montgomery, hadi likakamatwa Columbus, Georgia, Aprili 1865. Miaka mitatu ya kukimbia, na kila lilipotua liliendelea kuwaahidi wasomaji ushindi.

Ila nakala ninayoipenda kuliko zote ni ya Daily Citizen la Vicksburg, ya tarehe 2 Julai 1863. Mji ulikuwa umezingirwa tangu Mei, watu wamechimba mapango kwenye vilima wanalala humo kukwepa mizinga. Karatasi ilikwisha. Mhariri akachukua karatasi za kupamba ukuta, zile zenye maua upande mmoja, akachapa gazeti upande wa nyuma, safu nne nyembamba. Ukiigeuza unaona maua ya sebule ya mtu. Ndani yake anausifu utamu wa nyama ya nyumbu, maana ndiyo iliyokuwa imebaki, na anamkejeli Grant aliyesemekana kutaka kula chakula cha sikukuu ya uhuru mjini humo: mpishi wa sungura, anasema, kwanza amkamate sungura. Tarehe 4 Mji ukasalimu amri. Askari wa Kaskazini wakaingia kiwandani, wakakuta herufi za kuchapia bado zimepangwa, wakaongeza aya moja chini kabisa na kulichapa gazeti lilelile: siku mbili zinaleta mabadiliko makubwa, Grant amemkamata sungura, na gazeti hili halitatoka tena kwenye karatasi ya ukutani.

Kwenye ukurasa mmoja una njaa, kiburi, kushindwa na kejeli ya mshindi. Na angalieni sauti ya aya ile: ni utani wa watu wanaoelewana. Haina chuki. Askari wa pande mbili walikuwa wakibadilishana magazeti wakiwa lindoni, pamoja na kahawa ya Kaskazini kwa tumbaku ya Kusini, wakivushiana mtoni kwa vijimashua vya kuchonga. Upatanisho wao ulianza kabla vita haijaisha.

Sasa fungueni ukurasa wa nyuma wa magazeti hayohayo ya Kusini. Wakati mhariri anaandika mbele kwamba watumwa ni waaminifu na wanaipenda nyumba ya bwana, nyuma bwana analipia tangazo: ametoroka kijana wangu, ana kovu mahali fulani, inadhaniwa amekimbilia kwenye kambi za Yankee (ndivyo walivyowaita watu wa Kaskazini), atakayemleta atapewa zawadi. Tangazo kama hilo limelipiwa kwa fedha, na mwenye kulipa anataka matokeo, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Ninapotaka kujua hali ya watu, naanzia hapo.

Naishia hapa kwanza. Sehemu ya baada ya vita nitaiweka nikipata maoni yenu.

Kijana wa Ubungo

Mkuu, umeandika vizuri, ila nina swali la msingi. Unazungumzia hali ya umma, umma gani? Majimbo kadhaa ya Kusini yalikuwa na sheria za kukataza mtumwa kufundishwa kusoma. Gazeti linawezaje kutuambia walichokuwa wanafikiri watu wasioweza kulisoma wala kuliandikia?

Msomaji wa Kale

Swali lako ndilo linalonipeleka kwenye sehemu ya pili, ahsante ndugu yangu.

Kwanza, Weusi walikuwa na magazeti yao. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, alikuwa na gazeti tangu 1847. Philadelphia kulikuwa na Christian Recorder la kanisa la African Methodist Episcopal. New Orleans, mji wa Kusini uliotekwa mapema, mwaka 1864 daktari Louis Charles Roudanez na wenzake walianzisha New Orleans Tribune kwa Kifaransa na Kiingereza, likawa gazeti la kwanza la kila siku la watu Weusi Marekani. Vita haijaisha, lenyewe tayari linadai haki ya kupiga kura.

Pili, gazeti halikuwa kitu cha kusomwa na mtu mmoja kimyakimya. Anayejua kusoma alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza.

Na tatu, hapa ndipo ninapotaka tukae. Tangu 1865 magazeti ya Weusi, kama Colored Tennessean la Nashville na hilo Christian Recorder, yalijaa matangazo ya watu kutafuta ndugu zao. Mama anatafuta watoto waliouzwa. Mume anatafuta mke. Yanafuata mtiririko unaofanana: jina langu ni fulani, mama yangu aliitwa fulani, tulikuwa mali ya fulani katika wilaya fulani ya Virginia, akaniuza kwa mfanyabiashara fulani, nikapelekwa Mississippi, nikauzwa tena, sasa naishi mji huu. Mnaona kilichomo? Ili kumpata mama yako ilikuwa lazima utaje majina ya waliokumiliki, kwa mpangilio, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyobaki nayo mtu ya kujulikana. Kuna wanaotaja jina la mtoto aliyeuzwa akiwa mchanga, na wanaongeza kwamba huenda sasa anatumia jina jingine.

New Orleans gazeti la Kimethodisti, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu nzima iliyoitwa "Ndugu Waliopotea" kuanzia 1879. Mwenye kulipia usajili alitangaza bure, asiye msajili alitoa senti 50. Na juu ya safu palikuwa na ombi kwa wachungaji wazisome barua hizo mimbarini, watoe taarifa pale ndugu wanapokutanishwa. Kwa hiyo asiyejua kusoma alisikia jina la mama yake likisomwa kanisani.

Matangazo haya yaliendelea hadi miaka ya 1900. Miaka thelathini na zaidi baada ya Appomattox, wakati ukurasa wa mbele unasema nchi imepona, watu wazima wenye mvi bado wanatafuta wazazi.

Mama Tunu

Nimesoma hapo kwenye majina ya wamiliki nikasimama kwanza. Poleni na kazi ya kusoma vitu hivi.

Lakini naomba nikupinge kidogo, kaka. Vita ikiisha lazima mtu wa kwanza anyooshe mkono. Kama Kaskazini wangewanyonga viongozi wote wa Kusini, si vita ingeendelea porini miaka mingine kumi? Huyo Greeley unayemsema alikuwa jasiri. Alimdhamini Jefferson Davis hadharani wakati watu wanataka kichwa chake. Mimi naona hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa habari, kwenda mbele ya hasira ya wasomaji wake.

Msomaji wa Kale

Dada, hoja yako nzito na sitaipuuza. Ni kweli Mei 1867 Greeley alitia saini dhamana ya dola 100,000 pamoja na wengine ili Davis atoke Fort Monroe alikokuwa amefungwa miaka miwili bila kesi. Wasomaji wakamkimbia, toleo la wiki likapoteza zaidi ya nusu ya wanunuzi wake. Wakubwa wa klabu yake New York wakataka kumkemea, akawajibu kwamba wao ni vichwa vigumu wenye akili finyu. Ujasiri alikuwa nao. Na alikuwa amepinga utumwa maisha yake yote, hilo nalo tumpe.

Tatizo linakuja mwaka 1872 alipogombea urais dhidi ya Grant. Wito wake ulikuwa tushikane mikono juu ya korongo la damu. Thomas Nast, mchoraji wa Harper's Weekly, akamchora ananyoosha mkono juu ya makaburi ya Andersonville, gereza ambamo wafungwa wa Kaskazini walikufa kwa maelfu. Greeley alishindwa vibaya, na kabla Novemba haijaisha akafariki. Wapiga kura wa Kaskazini, miaka saba baada ya vita, walikuwa bado hawataki kusahau. Ukihesabu kura hizo kama kipimo cha hali ya umma, basi upatanisho wa haraka haukuwa matakwa ya wengi.

Lakini ulikuja. Na ulipokuja, masharti yake yalikuwa yaleyale ya Greeley: serikali iache kusimamia haki za Weusi Kusini, iwaachie Wazungu wa kule wajitawale. Mwaka 1877 askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican, chama cha Lincoln, huko wakarudishwa kambini. Mwaka 1890 Mississippi ikaandika katiba ya kuwaondoa Weusi kwenye kupiga kura kwa mlango wa nyuma, na majimbo mengine yakafuata. Kwa hiyo ninapopinga, sipingi mkono kunyooshwa. Swali langu ni nani aliyelipia mkono ule.

Douglass aliliona mapema. Tarehe 30 Mei 1878, siku ya kuwakumbuka wafu wa vita, alisimama New York akasema kwamba vita ile ilikuwa na upande uliokuwa sahihi na upande uliokuwa na makosa, na hakuna hisia njema itakayofuta hilo. Hakutaka kisasi. Alitaka kumbukumbu isiuzwe ili kununua urafiki.

Magazeti ndiyo yaliyoiuza. Mhariri wa Richmond Examiner wakati wa vita, Edward Pollard, ndiye mwaka 1866 aliyetoa kitabu kilichoipa Kusini jina la simulizi yake ya kushindwa kwa heshima. Miaka ishirini baadaye Henry Grady, mhariri wa Atlanta Constitution, alialikwa New York Desemba 1886 akawahutubia matajiri kuhusu Kusini Mpya, akawaambia suala la Weusi waliache mikononi mwa watu wa Kusini wenyewe. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Wakati huohuo safu ya "Ndugu Waliopotea" inaendelea kuchapwa New Orleans.

Na kilele ni Gettysburg 1913, miaka 50 tangu pigano kubwa la Julai 1863 mahali hapo. Wazee zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili wakapiga kambi, wakapeana mikono juu ya ukuta wa mawe waliopigania ujanani. Magazeti makubwa yalilia kwa furaha, na mimi nikizitazama picha zile siwezi kusema wazee wale walikuwa wanaigiza. Rais Wilson akahutubia kwamba ugomvi umesahaulika. Mwaka huohuo serikali yake ilikuwa inawatenga wafanyakazi Weusi na Wazungu kwenye ofisi za Washington. Gazeti la Weusi la mji huo, Washington Bee, likauliza: muungano wa nani?

Mama Tunu

Hapo kwenye "nani aliyelipia" nimekuelewa. Bado namheshimu Greeley, lakini nimekuelewa.

Mzee wa Ngara

Vijana, mimi si msomaji wa mambo ya Marekani. Naomba niseme la huku kwetu kwa sababu limenigusa.

Mwisho wa Aprili 1994 Wanyarwanda karibu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benaco. Tuliokuwa Ngara tuliona. Watoto hawajui wazazi wako wapi, wazazi wanazunguka kambi nzima wanaita majina. Baadaye BBC ikaanzisha kipindi cha Gahuzamiryango, wanasoma majina ya watu wanaotafutana, na watu wanakaa kuzunguka redio moja, hakuna anayekohoa. Kwa hiyo mtoa mada ukisema jina linasomwa mimbarini, mimi naelewa sawasawa.

Na nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na gazeti la Kangura. Desemba 1990 lilichapa amri kumi za chuki dhidi ya Watutsi, na liliendelea miaka yote ya vita. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa hapa kwetu Arusha Desemba 2003 pamoja na wakubwa wawili wa redio RTLM. Akapewa kifungo cha maisha, rufaa ikashusha hadi miaka 35. Gazeti linaweza kuwa silaha, si kioo tu.

Msomaji wa Kale

Shikamoo mzee. Ahsante sana kwa hili, na pole kwa mliyoyaona.

Umenikumbusha kitu ambacho sikukisema. Marekani hakuna mhariri aliyefikishwa mbele ya mahakama ya namna ile kwa alichokiandika. Jenerali Burnside alilifunga Chicago Times mapema Juni 1863 kwa kuipinga serikali, na Lincoln akalifungua baada ya siku chache. Julai ya mwaka huo, New York, watu waliokasirishwa na sheria ya kuandikishwa jeshini, ambayo ilimruhusu mwenye dola 300 kujinusuru, waliivamia ofisi ya Tribune, wakachoma kituo cha yatima Weusi, wakawaua Weusi mitaani. Miezi kadhaa kabla yake baadhi ya magazeti ya mji huo yalikuwa yakiwaambia vibarua wa Kizungu kwamba Weusi walioachwa huru watakuja kuwanyang'anya kazi. Hakuna mhariri aliyeulizwa. Arusha iliuliza. Hiyo ni tofauti kubwa kati ya karne ile na yetu.

Kijana wa Ubungo

Mkuu, swali la mwisho. Mtu akitaka kuanza kuyasoma mwenyewe aanzie wapi bila kupotea? Mimi nikifungua hizo kurasa naona herufi ndogo tu kama mchwa.

Msomaji wa Kale

Ingia Chronicling America ya Maktaba ya Bunge ya Marekani, ni bure. Usianze kwa kutafuta neno "vita", utazama. Chagua wiki moja, mimi napendekeza wiki ya kwanza ya Julai 1863 kwa sababu Gettysburg na Vicksburg ziliangukia siku hizohizo. Chukua gazeti moja la Kaskazini na moja la Kusini. Soma ukurasa wa mwisho kwanza: bei, minada, waliotoroka, wanaotafuta mtu wa kwenda jeshini badala yao. Ukimaliza ndipo urudi kwenye tahariri, uone mhariri anakwepa nini kati ya uliyoyasoma nyuma.

Habari za ushindi ziangalie tarehe. Magazeti ya Kusini yalitangaza kwamba Lee ameshinda Gettysburg siku kadhaa baada ya Lee kuwa ameshaanza kurudi nyuma. Simu ya waya (telegrafu) ilikatwa mara kwa mara na uvumi ulijaza nafasi, kwa hiyo tofauti kati ya siku tukio lilipotokea na siku watu walipolijua ni habari yenyewe.

Gazeti la karatasi ya ukutani ukilikuta linauzwa mtandaoni, tahadhari. Lilichapwa upya mara nyingi miaka ya baadaye kwa ajili ya watalii, nakala halisi ni chache mno.

Matangazo ya kutafuta ndugu yamekusanywa pia na Chuo Kikuu cha Villanova, mradi unaitwa Last Seen, na ya New Orleans yapo kwenye hifadhi ya historia ya mji huo. Unaweza kuyatafuta kwa jina la mji au la mmiliki. Nikipata wasaa wiki ijayo nitaanza uzi wa pili wa matangazo ya Nashville peke yake, maana mji ule ulitekwa mapema na waliotoroka walikuwa wengi. Mwenye nia ya kusaidia kuyatafsiri aseme hapa tugawane kazi.

Mama Tunu

Niandike mimi. Naomba nipewe yale ya akina mama.